Nani Anakuuzia Njia? Hongo, hati za deni na ankara ya orodha ya biashara

Tuanze na mtu wa kufikirika, ingawa ukiishi Tabora utadhani unamjua. Anafungasha asali. Ana chumba kimoja cha kuchujia, ana chupa zenye lebo, ameshashiriki maonyesho ya biashara mara mbili, na anatamani sana kupata mnunuzi wa nje. Siku moja inaingia barua pepe yenye fomu. Jina la biashara yake limeshaandikwa, namba ya simu imekosewa tarakimu moja, na juu kuna maneno ya kirafiki: hakiki taarifa zako, kuwekwa kwenye orodha yetu ni bure. Anasahihisha tarakimu, anasaini, anairudisha. Baada ya wiki kadhaa inafika ankara ya fedha za kigeni. Akiuliza, anaambiwa asome tena alichosaini. Kule chini, kwa herufi za kutafutia miwani, pameandikwa kwamba sahihi yake ni agizo la tangazo la kulipia, kwa miaka mitatu.

Mtu huyu nimemtunga. Fomu sijaitunga, fomu za namna hiyo zimezunguka nchi nyingi kwa miaka mingi, na huko mbele nitakuonyesha jinsi moja ilivyofikishwa bungeni na nyingine mahakamani.

Kwanza tuzungumze neno. Msimulie mtu kisa hiki na kuna uwezekano mkubwa akakujibu: "Hiyo si ni hongo tu?" Anamaanisha kwamba kuna mtu amekaa katikati yako na mteja wako, na hupiti mpaka umpe chake. Mimi nasoma historia ya njia ya misafara, na kila nikisikia ulinganisho huu naona hongo inaonewa. Hongo ya zamani, ile ya Ugogo na Unyamwezi, ilikuwa malipo ya wazi kuliko ankara hii mara kumi. Ukitaka kumtafuta babu wa ankara hii, usiende Ugogo. Nenda pwani, kwenye karatasi. Na hata huyo babu, ukimfikia, atamkana mjukuu.

Malipo ya mchana kweupe

Leo hongo ni kitu kidogo cha chini ya meza. Katika karne ya 19 ilikuwa ushuru wa njia. Ilitolewa mchana, mbele za watu, baada ya siku mbili tatu za kubishana, na wapagazi walijua zimetoka doti ngapi.

Njia yenyewe ilianzia Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora. Hapo ilichanua: tawi moja magharibi hadi Ujiji, jingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara ambayo baadaye yakawa sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wakiwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Waliwakuta Waarabu wameshajenga matembe makubwa, wana mashamba na maghala. Lakini Waarabu hawakuifungua njia hiyo. Wanyamwezi walikuwa wameshaikanyaga kabla yao, wakishusha pembe pwani kwa hesabu yao wenyewe, na hata walipokuwa wapagazi wa wengine, wengi walibeba na vibiashara vyao pembeni. Kwa hiyo ukisikia "misafara" usimfikirie Tippu Tip peke yake. Walikuwapo wafanyabiashara wadogo wengi: Mswahili mwenye mizigo mitano aliyejishikiza kwenye msafara wa mtu mkubwa, Mnyamwezi mwenye majembe na chumvi.

Na tusisahau kilichobebwa. Pembe za ndovu zikishuka. Nguo, shanga, waya wa shaba na bunduki zikipanda. Na watu waliotekwa wakishushwa kwenda kuuzwa. Nikiandika "biashara" kwenye makala hii, hao nao wamo ndani yake, upande wa wasioulizwa.

Fedha ya njiani ilikuwa nguo. Merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts, ilipokewa karibu kila mahali. Shuka moja ni mikono minne, doti moja ni mikono minane. Mkono ni kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, na bila shaka mkono wa nani ni sehemu ya mabishano.

Sasa fika Ugogo. Nchi kavu, visima vina wenyewe, na msafara wa watu mia kadhaa una kiu. Mtu anayelalamikia hongo ya Wagogo (na wasafiri wa Kizungu wamelalamika kurasa kwa kurasa) ajiulize swali la kijijini tu: watu mia tano wakitua kisimani kwenu wakati wa kiangazi, mwezi ujao mnakunywa nini? Hongo ilinunua vitu vitatu. Maji. Amani, yaani mtu wako hashambuliwi ndani ya himaya ya mtemi yule. Na soko: hongo ikishamalizika wanakijiji wanakuja na mtama, kuku na maziwa, na kabla ya hapo mara nyingi hawauzi. Hili la tatu huwa linapuuzwa, na mimi naliona ndilo linalohusiana zaidi na mada yetu. Hongo ilikuwa pia malipo ya kufunguliwa mlango wa wateja.

Kulikuwa na risiti pia. Speke alipopita Uzinza mwaka 1861 alikaa siku nyingi akisubiri ngoma ipigwe, maana mlio wa ngoma ndio uliotangaza kwamba mtemi ameridhika na hongo imekwisha. Fikiria risiti inayosikika kijiji kizima. Huwezi kuambiwa kesho kwamba hukulipa, na mtemi naye hawezi kukwambia kwamba ulisaini kitu kingine.

Usinielewe vibaya, haikuwa bei ya haki siku zote. Watemi walibana, hasa walipojua kwamba mbele yako kuna siku tatu za pori lisilo na maji. Ila palikuwa na breki. Kukata Ugogo kulikuwa na njia zaidi ya moja, na mtemi aliyezidisha aliona misafara ikihamia kwa jirani. Mfanyabiashara alijua anamlipa nani, kiasi gani, kwa kitu gani, na angepitia wapi asipotaka. Ukiweka maneno hayo manne pembeni ya fomu ya asali, hakuna hata moja linalokaa.

Ugomvi ulipokuja, ulikuja vipi?

Hapa Unyanyembe ndipo pana kisa chenyewe. Mtemi Fundikira alielewana vya kutosha na Waarabu wa Kazeh. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Yaani wakwe kabisa. Fundikira alipofariki, mwaka 1858 au karibu na hapo, alirithiwa na Mnywa Sele, na mtemi mpya akaweka ushuru juu ya bidhaa za wafanyabiashara zinazoingia nchini mwake. Wafanyabiashara wakakataa. Hawakukata rufaa popote, kwa sababu hapakuwa na pa kukata. Walifanya kilichofanywa na wenye bunduki: walimfukuza, wakamweka Mkasiwa kwenye kiti, mtu waliyedhani atakuwa mpole kwao.

Mnywa Sele hakuondoka kimyakimya. Aliingia porini, akaishika njia. Speke alifika Tabora mwanzoni mwa 1861 akakuta vita. Alijaribu kupatanisha, akashindwa, kwa kuwa Mnywa Sele alitaka kiti chake na Waarabu hawakuwa tayari kumrudishia. Snay bin Amir, yule tajiri wa Kazeh aliyempokea Burton kwa ukarimu miaka mitatu tu nyuma, aliuawa katika vita hivyo. Mnywa Sele mwenyewe aliuawa katikati ya miaka ya 1860. Piga hesabu: vita vya miaka, kwa sababu ya ugomvi wa nani ana haki ya kupanga bei ya kuingia sokoni. Na aliyeumia zaidi alikuwa yule mwenye mizigo mitano, ambaye hakuwa na bunduki za kujilinda wala ghala la kusubiria amani.

Kisa cha pili unakijua kwa jina: Mirambo. Henry Stanley aliyekuwa Tabora mwaka 1871 anaeleza kwamba msafara mmoja wa Waarabu uliokuwa ukienda Ujiji ulidaiwa na Mirambo mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Wakabishana zaidi ya siku nzima, wakalipa. Baada ya kulipa wakaambiwa warudi walikotoka. Hakuna msafara wa Kiarabu utakaopita kwenda Ujiji ila juu ya maiti yake.

Chukua habari hii kwa tahadhari. Stanley alikuwa upande wa Waarabu, alikwenda nao vitani mwezi Agosti 1871, na wakashindwa vibaya kiasi kwamba Mirambo alifika hadi Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Mirambo naye alikuwa na orodha yake ya malalamiko dhidi ya Waarabu, na yeye hakuandika kitabu. Lakini hata kama Stanley ametia chumvi, angalia kilichowaudhi wafanyabiashara kwa jinsi wenyewe walivyosimulia. Bei ilikuwa kubwa, wakailipa. Kilichowatoa roho ni kulipa njia halafu kunyimwa njia.

Nimekaa hapa makusudi. Migogoro ya leo ya wafanyabiashara na kampuni za matangazo iko ya aina mbili, na watu wanaichanganya. Ya kwanza ni hii ya Mirambo: umelipia tangazo mtandaoni, bei uliiona, sharti ulilijua, ila wateja hawakuja, au waliobofya tangazo wako nchi ambayo huuzi. Hapo mnabishania kilichotolewa. Ya pili ni ile ya fomu ya asali: hukujua hata kama unanunua. Hii ya pili haina jamaa njiani. Jamaa yake wa mbali yuko Zanzibar.

Karatasi

Mfanyabiashara mdogo wa Tabora hakuwa na mtaji wake. Nguo alizopanda nazo alikopeshwa pwani, mara nyingi na wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar na Bagamoyo. Nyumba kubwa zilikuwa za watu kama Jairam Shivji, ambaye kampuni yake ilikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi, na baadaye Tharia Topan, aliyemkopesha Tippu Tip. Mkopo uliandikwa kwenye hati, waraka wa Kiarabu, na mwandishi wake alikuwa mtu aliyesomea kazi hiyo. Wanahistoria wawili, Fahad Bishara na Thomas McDow, wamezisoma hati hizi kwa wingi, na vitabu vyao vya 2017 na 2018 vimebadilisha namna tunavyoiona biashara ya Bahari ya Hindi. Ukiweza kuvipata, anza na cha McDow, kwa sababu anapanda hadi bara.

Hati hizi zilikuwa na ufundi mmoja. Riba ni haramu, kwa hiyo hutaikuta imeandikwa. Utakuta fulani anadaiwa na fulani frasila kadhaa za pembe, zilipwe baada ya muda kadhaa. Basi. Nguo alizochukua zilihesabiwa kwa bei ya mkopo, ambayo ni ya juu kuliko bei ya taslimu, na tofauti ile ndiyo faida ya mkopeshaji. Au utakuta bei ya khiyari: mtu "anauza" nyumba yake kwa mkopeshaji akiwa na haki ya kuikomboa, halafu anaipanga nyumba ileile. Kodi anayolipa ndiyo riba, imevaa kanzu.

Kwa hiyo bei ilifichwa ndani ya karatasi. Je, huyu si ndiye babu wa fomu yetu? Nusu tu. Bei ilifichwa kwa kadhi, mdaiwa aliijua. Mkopaji aliyechukua merikani Zanzibar alijua fika bei ya taslimu ni ngapi, maana duka la jirani lilikuwa hatua ishirini. Pande zote mbili zilielewa kitu kilekile. Fomu ya orodha ya biashara imeuchukua ufundi wa kuficha, ikamgeuzia yule anayelipa.

Na imegeuza kitu kingine: umbali. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Hati ya Zanzibar ilikuwa na nguvu Zanzibar. Wakopeshaji wa Kihindi waliokuwa raia wa himaya ya Uingereza waliweza kuziandikisha kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza, na mdaiwa akikanyaga pwani alikuwa mikononi mwao. Ila akiwa Tabora? Sultani alikuwa na liwali wake huko, Said bin Salim kwa miaka kadhaa, lakini amri yake ilikomea karibu na mlango wake. Matokeo yake ni kwamba wapo wafanyabiashara walioona biashara imekwenda mrama wakaamua kutorudi. Walibaki Unyanyembe, au wakasogea Ujiji, au wakavuka ziwa hadi Manyema. Walioa, wakalima mpunga, wakaendelea kutuma vipembe kidogo kidogo ili mdai asikate tamaa kabisa. McDow anaiita hali hii kununua muda. Sehemu ya Tabora ilijengwa na watu wanaokimbia karatasi zao. Umbali ulimlinda mdaiwa mdogo dhidi ya mdai mkubwa.

Sasa tazama ankara ya asali. Mdai yuko nje ya nchi, hajulikani sura, ofisi yake pengine ni sanduku la barua. Hawezi kirahisi kuja kukushtaki Tabora; hukumu ya mahakama ya nje haitekelezwi Tanzania kwa kuletwa tu kama kifurushi. Kwa hesabu za 1870 wewe ndiye ungekuwa salama. Lakini umbali siku hizi unamfanyia kazi yeye. Wewe huwezi kumfikia, huwezi kumburuza popote, ila barua zake zinakufikia kila wiki. Ya kwanza ya heshima, ya pili yenye faini ya kuchelewa, ya tatu yenye jina la wakala wa kukusanya madeni. Kila moja inakuja na maneno ya kisheria ambayo mtu wa chumba kimoja cha asali hana wa kumtafsiria. Mwishowe anatoa pesa ya ada ya mtoto, ili usingizi urudi. Biashara hii haihitaji kushinda kesi hata moja. Inahitaji waoga wachache katika kila mia.

Jinsi Ulaya walivyolipuka

Kama unadhani wanaonaswa ni wa huku kwetu tu, soma azimio la Bunge la Ulaya la tarehe 16 Desemba 2008. Bunge hilo lilikuwa limepokea malalamiko zaidi ya 400 ya maandishi, mengi kutoka kwa wafanyabiashara wadogo, lakini pia shule, maktaba na vyama vya hiari. Mbinu wanayoieleza ni ileile: fomu ya kuhakiki jina na anwani, mtu anadhani ni bure, kumbe amefungwa kwa angalau miaka mitatu, kwa takriban euro 1,000 kwa mwaka. Kampuni iliyotajwa zaidi katika malalamiko ilijiita European City Guide, ya Hispania.

Kampuni nyingine ziliwalenga walioshiriki maonyesho ya biashara. Wanachukua majina ya waonyeshaji, ambayo huwa ni ya wazi, kisha wanatuma fomu inayofanana na ya waandaaji wenyewe. UFI, chama cha dunia cha waandaaji wa maonyesho, kimekuwa kikiwaonya wanachama wake kuhusu orodha za namna hiyo kwa miaka. Marekani nako ulikuwapo mchezo wa ankara bandia za kurasa za njano za kitabu cha simu; ile nembo ya vidole vinavyotembea haikuwa imesajiliwa na kampuni ya simu ya AT&T kama alama yake, kwa hiyo yeyote aliweza kuipiga chapa juu ya ankara ikaonekana halali.

Kwa nini ilichukua muda mrefu Ulaya kuwabana? Kwa sababu ya pengo moja la kisheria. Sheria yao ya 2005 dhidi ya mbinu chafu za kibiashara iliwalinda walaji. Mwenye duka si mlaji, ni mfanyabiashara, na sheria ilidhani mfanyabiashara ana mwanasheria na muda wa kusoma. Fundi baiskeli mwenye spana tatu na kampuni yenye ghorofa kumi walihesabiwa kundi moja. Azimio la 2008 lilitaja mfano wa Austria na Ubelgiji, ambazo zilishaweka ulinzi kwa wafanyabiashara pia, na likazitaka nchi nyingine ziige.

Ujerumani ilisubiri hadi tarehe 26 Julai 2012, Mahakama Kuu ya Shirikisho ilipoamua kesi ya fomu ya aina hiyo. Ada ilikuwa euro 650 kwa mwaka, kwa miaka miwili, na ilikuwa imeandikwa, usije ukafikiri haikuandikwa. Ilikuwa katikati ya maandishi mengi kwenye safu ya kulia, wakati muundo mzima wa fomu unavuta macho kwenye safu ya kushoto ambako unajaza jina na anwani. Mahakama ikasema orodha nyingi za mtandaoni ni za bure, kwa hiyo sharti la ada lililowekwa mahali pale ni la kushtukiza, na sharti la kushtukiza halikuwahi kuwa sehemu ya mkataba. Kwa lugha ya njiani: ngoma haikupigwa.

Na sisi?

Hapa historia inazunguka kwa namna inayonifurahisha. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imetokana na Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Sheria hiyo ya India ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 1872. Wiki moja nyuma yake, tarehe 25 Agosti, David Livingstone alikuwa ameondoka Kwihara, hapo hapo nje ya Tabora, baada ya kusubiri wapagazi kwa miezi. Pwani, sheria za India ndizo zilizokuja kutumika na mahakama ya Waingereza kwa raia wao wa Kihindi, yaani wakopeshaji walewale wa merikani. Mfungashaji wa asali wa leo na mkopaji wa nguo wa zamani wanakutana kwenye ukoo mmoja wa sheria.

Kifungu chake cha 13 kinasema watu wameridhiana pale wanapokubali kitu kilekile kwa maana ileile. Mmoja akidhani anasahihisha namba ya simu na mwenzake anadhani anauza tangazo la miaka mitatu, hawajakubali kitu kilekile. Na kuhusu barua zinazosema "usipojibu ndani ya siku 14 mkataba unaendelea", mahakama ya Uingereza ilishalijibu hilo mwaka 1862, Mnywa Sele akiwa bado porini. Mjomba alimwandikia mpwa wake kwamba asipojibu, farasi atakuwa wa mjomba kwa pauni 30 na shilingi 15. Mahakama ikasema kunyamaza si kukubali. Kesi inaitwa Felthouse dhidi ya Bindley, na wanafunzi wa sheria mwaka wa kwanza wanaijua kama wimbo.

Aidha, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara bila kusema lazima aliyepotoshwa awe mlaji. Lile pengo lililowasumbua Ulaya, kwetu kwenye maandishi halipo.

Lakini nisikupake mafuta. Sheria ya Mikataba ina kipengele ambacho kampuni hizi zingekipenda: anayedai alipotoshwa hawezi kuuvunja mkataba kama alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa bidii ya kawaida. "Ungesoma." Ndilo neno lao kila mara. Ugomvi wote unaishia kwenye swali la bidii ya kawaida ni ipi. Fomu ya Ujerumani iliandikwa kwa Kijerumani, ikasainiwa na mfanyabiashara wa Kijerumani nchini kwake, na bado mahakama ikasema hakuwa na sababu ya kuitarajia ile ada mahali pale. Ya mfungashaji wetu wa asali imeandikwa kwa Kiingereza, na ameisoma kwenye simu.